Vigae vya Daktari Baridi

Mtaani walimwita Daktari Baridi kwa sababu ya kazi yake: alitengeneza vigae bila tanuru. Wenzake huchoma udongo mpaka tanuru linang'aa. Yeye, pale taasisi ya utafiti, alichukua unga wa madini, akaulowesha kidogo, akaubana kwa mashine ya kushindilia, kwa joto la kuokea mkate tu. Punje zilishikana, kigae kikatoka kigumu. Alipoanza kulieleza jambo hili msibani, waombolezaji walihama viti.

Lakini kwa mama mkwe hakuwa kitu. Mkwe mwenzake, fundi wa kuchomelea vyuma aliyeoa binti mwingine wa mama, aliitwa "mwanangu" tangu siku alipotengeneza geti. Daktari, mwenye vyeti vya kujaza ukuta, aliitwa "mgeni wetu". Ilimuuma, tena sana.

Basi sakafu ya bafu la mama ikabomoka kona moja.

"Nimwite mwanangu aje," mama akasema.

"Usimwite, mama," Daktari akadakia. "Niachie mimi."

Unga alikuwa nao wa kila aina, lakini alichagua ule uliompa sifa: ukipata tone la maji unalainika, ukibanwa unashikana upesi, na vigae vyake vinameremeta. Vilikaa kwenye kabati la vioo pamoja na dawa ya kufyonza unyevu. Wageni waliviona, wakapiga makofi, wakaenda kula. Hakuna aliyewahi kuvimwagia maji. Nani amwagie maji kitu cha maonyesho?

Jumamosi akapiga magoti bafuni, akavibandika kwa gundi huku akijigamba kwamba havikuonja moto. Mama akavipapasa.

"Vizuri," akasema. "Vizuri sana."

Daktari akalisubiri lile neno. Halikuja. Mama alichukua ndoo yake akaingia kuoga, na Daktari na yule fundi, aliyekuja kutazama kazi, wakabaki sebuleni wakisikiliza maji yakimwagika. Mara kukawa kimya.

"Mgeni wetu!" mama aliita, akatoka na gauni limemganda mgongoni. "Vigae vyako vinaoga na mimi. Kila nikimwaga maji, vinapungua."

Daktari alikimbilia bafuni. Kona ilikuwa shimo tena, na uji mweupe ulikuwa ukijiendea taratibu kwenye tundu la maji. Maji yaliyozishikanisha punje ndiyo yaliyokuwa yakizichukua. Angelijua hilo hata mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza.

"Kitaalamu, mama..." akaanza.

"Kitaalamu nini?"

Fundi aliangalia dari, mabega yakimtikisika. Aibu ilimpanda Daktari mpaka masikioni.

"Nimekosea, mama."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Tangu umuoe binti yangu, leo ndiyo mara ya kwanza umesema neno nikakuelewa," akasema, akijifuta machozi. "Haya mwanangu, shika ndoo, tuuzoe uji wako."

Daktari aliidaka ndoo upesi, kabla mama hajabadili mawazo.