Jina la Mama Jiweni

Fundi anayechonga jiwe la kuwakumbuka waliowaficha watumwa watoro humu mjini, kila herufi huipuliza vumbi, kisha huipapasa kwa kidole gumba kama ashikaye shavu la mtoto. Nilimpelekea jina la mamangu, Zafarani, mtoro mwenyewe, aliyewaficha watoro tisa uvunguni mwa kitanda chake.

"Binti nani, bibi?"

"Hakumjua babake. Aliibwa akiwa mdogo."

Akapuliza, akapapasa. "Jina la mwanamke halisimami peke yake. Alikuwa wa nani?"

"Wa Bwana Nasoro, aliyemtoroka!" nikamtupia kwa hasira.

Akainama akachonga, mpole vilevile. Mimi kusoma ni kwa kubahatisha, lakini niliona: jina la "Bwana Nasoro" limekuwa refu kuliko la mama.