Salamu ya Alfajiri

Vita vilipokwisha nilirudi kwetu Kabambare na mikono isiyotulia. Nilikuwa nimekwenda Burma na hospitali ya jeshi, kubeba majeruhi na kufunga vidonda. Viungo vyangu vyote nilirudi navyo, lakini nikishika kikombe, chai inamwagika. Muuguzi gani huyo? Daktari wa zahanati alinipa sindano nijaribu, akaninyang'anya kabla sijamfikia mgonjwa.

Sikukata tamaa, maana dawa nilikuwa naijua. Kule Burma tulimtibu mtawa wa Kibudha aliyevunjwa mguu na bomu. Hatukuwa na lugha moja. Aliona mikono yangu ikitetemeka nikimfunga bandeji, akaishika, akaiweka juu ya tumbo langu, akanionyesha kwa vidole: vuta pumzi, hesabu, ukifika kumi anza upya. Akagusa paji la uso, akapunga mkono: wazo likija, usipigane nalo, liache lipite. Nilikaa naye kila asubuhi kando ya machela yake. Alikuwa na maumivu ya kumliza mtu mzima, naye ananicheka mimi nikisinzia.

Nyumbani nikaendelea. Kila alfajiri nilikaa barazani juu ya mkeka, mgongo wima, macho nimeyafumba. Jumapili nilikwenda misa kama wengine. Haba na haba hujaza kibaba: kikombe kilitulia, daktari akanirudishia sindano, na mimi nikajiona fundi.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Wamaza. Asubuhi yake ya kwanza alipita barazani, akageuza uso kando kama adabu inavyotaka, akanisalimia. Kwetu, mtu anayenyamaza akisalimiwa asubuhi, huyo anakuwazia mabaya, hata uchawi. Nami nilikuwa nimefika saba. Nikasema moyoni, nitaitikia nikimaliza kumi. Mama mkwe hakuwa na subira ya kumi.

"Mutoto wangu!" alimwita mke wangu. "Funga vintu vyako, twende kwetu. Bwana yako iko mulozi. Namusalimia, ananyamaza tu!"

Mke wangu alitoka na kikapu mkononi, akanitazama. Hakucheka. Niliogopa, nasema kweli, kuliko nilivyoogopa mabomu. Nilimpenda mwanamke yule. Nikiacha kukaa, mikono itarudia kutetemeka. Nikiendelea, nyumba itabaki tupu.

Nikampa mama mkwe mgongo, kama inavyompasa mkwe, nikasema kwa sauti ya kumfikia.

"Mama, munisamehe. Si ulozi. Vita ilinipa ugonjwa wa mikono, na hii ndiyo dawa yake." Nikamweleza yote, mtawa na mguu wake na ile hesabu ya pumzi.

Mwana wa mwisho wa mama mkwe alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya vita hivyohivyo, akafia njiani, na mpaka siku ile hakuna aliyemwonyesha kaburi.

"Wale walikufa," akauliza, "ukikaa hivi, wanakuja?"

"Wanakuja, mama. Kisha wanapita."

"Na weye unabakia?"

"Nabakia."

Akamwambia binti yake atue kikapu kwanza, safari haina haraka. Nami nikaweka sharti langu mwenyewe: nisalimie nyumba nzima kwanza, ndipo nikae. Mtawa asingekasirika, nina hakika.

Alikaa kwetu mpaka mpunga ukavunwa, na habari ile hakuitaja tena. Asubuhi moja nilikuwa nimekwisha kusalimia na kukaa, nikasikia pumzi nyingine ndani, upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa nzito, ikikatika katikati kama ya mtu anayejizuia kulia, kisha ikaendelea. Sikugeuka.

Mke wangu akarudi kutoka mtoni, akaingia kwa mlango wa nyuma.

"Mumelala muzuri, mama?"

Hakujibiwa.

"Mama?"

Nikamsikia akitua mtungi polepole, akangoja mama afike kumi.