Boneti ya Mzee Thati-Faivu

Mutai ni dereva wa shamba moja huko Umm Salal, ughaibuni Uarabuni, na kwa ubishi hana mpinzani. Boneti ya trekta kuukuu ya tajiri wake imeandikwa 135, basi kwake yeye ni 135 na maneno yamekwisha. Ijumaa asubuhi tajiri alitaka iagiziwe vipuri, Mutai akamwita fundi Joram kutoka Industrial Area ya hukohuko. Joram hata hakuitazama boneti. Alipiga magoti chini ya usukani, akasugua kibati kidogo cha namba za kiwandani kwa kitambaa chenye dizeli, akalinganisha namba na orodha iliyo kwenye simu yake.

"Hii ni thati-faivu, bro, ile 35 iliyotangulia 135. Boneti wameivalisha tu. Ile ya zamani ikioza, watu hupachika ya 135. Ukweli uko kwa kibati."

Mutai alilijua jina hilo.

Kwao Uasin Gishu, baba yake, marehemu Gerishon, aliitwa Mzee Thati-Faivu. Alijigamba kwamba trekta yake ndiyo ya kwanza kununuliwa na mwananchi pale kijijini, mwaka wa uhuru, kabla 135 hazijatoka kiwandani. Mutai, wakati huo kidato cha pili, shati jeupe na Kiingereza cha puani, alimkatiza mbele ya wageni: "Baba, si imeandikwa 135? Mbona unadanganya watu?"

Mzee akamjibu kwa upole, "Njoo uiname hapa usome."

Hakwenda, asije akachafua shati. Tangu siku hiyo mzee hakuisimulia tena hadithi ile Mutai akiwepo.

Mzee alipofariki mwaka juzi, Mutai alikosa likizo ya kwenda kuzika. Akaomba angalau aandike wasifu wa marehemu. Akaandika kwamba trekta ya mzee ilikuwa 135, na lile jina la Thati-Faivu akaliacha nje, maana hakutaka uongo usomwe kanisani. Aliona anamsitiri baba yake.

Sasa alimpigia dada yake, Cherotich, akamtuma nyuma ya ghala ilikolala trekta ya mzee. Cherotich akafuta kibati kwa leso, akasoma kwa sauti, simu ya Mutai ikiwa kwenye spika. Herufi za mwanzo zilikuwa zilezile za kibati cha trekta ya tajiri. Joram akatikisa kichwa kukubali.

"Kwani hukujua?" Cherotich akauliza. "Baba alituonyesha sisi wote."

"Nilidhani ni porojo."

"Siku ya mazishi wazee waliuliza mbona jina lake halijasomwa. Nikawaambia ni Mutai ameandika, na amesoma, lazima ako na sababu."

Mutai aliona aibu, kisha uchungu, na hakuwa na wa kumwomba msamaha. Alikata simu, akapiga magoti kwenye vumbi, akaingiza kichwa chini ya usukani. Joram akamwuliza anatafuta nini tena.

"Nasoma," akasema.