Bi Zuweina Aingia Majini Kumpima Mwalimu

Mwanabaraka wa Wesha hanyamazi hata akiwa na maji mdomoni. Asubuhi huuza maandazi, na Jumamosi maji yakijaa huwafundisha watoto wa kike kuogelea, yumo ndani ya suruali pana, kanzu ndefu na mtandio uliobanwa kwa pini sita. Mwenyewe alijifunza ukubwani, baada ya kunywa bahari kiasi cha kutosha kupunguza kina cha bandari.

Ana sharti moja halivunji: hamgusi mtoto kabla ya kusema. Hutaja mahali, huomba, husubiri jibu. Mtoto akikubali, mikono hukaa pale pale iliposemwa, na mama zao wamekaa mchangani wanaona. Huomba kwa sauti ya mtu anayenadi samaki changu, hata wachukuzi wa bandarini wameshakariri.

Lakini mtaa wa Tibirinzi habari ilifika nusu: kuna mwalimu Wesha anawashika watoto. Bi Zuweina, bibi yake Alya, mmoja wa wanafunzi, akaja mwenyewe amefunga kibwebwe. Huyu akimtoa mjukuu wake mahali, wazazi wa mtaa mzima hutoa watoto wao. Darasa lilikuwa na watoto wanane, wote wa Tibirinzi.

Waliamkiana kwa urefu, wakaulizana hali ya nyumbani na ya mihogo ya shambani Ole, ndipo Bi Zuweina akasema amekuja kumchukua Alya. Mwanabaraka akaeleza sharti lake mpaka mate yakamkauka. Bibi akajibu kwamba ataamini akijaribiwa yeye.

Akaingia na buibui lake. Buibui likashika hewa, likavimba, akawa boya lenye hasira. Alya akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Bi Zuweina, naweka mkono mmoja chini ya kisogo na mwengine mabegani. Niweke?"

"Usiweke."

Mwanabaraka akarudisha mikono nyuma, akamsogezea dumu tupu alishikilie. Bibi akangoja abembelezwe, hakubembelezwa. Akaulizwa tena, akakataa tena. Mara ya tatu akakataa huku anaichungulia mikono ya mwalimu kama mtu anayekagua mizani ya muuza nyama. Mikono haikusogea.

"Kumbe ukiambiwa hapana unasikia," akasema.

"Nasikia, Bi. Na mtoto akisema hapana, ni hapana vile vile."

"Haya, weka. Kiuno niachie mwenyewe."

Mikono ikawekwa. Miguu ya Bi Zuweina ikapanda taratibu, vidole vyenye hina vikachomoza juu ya maji. Akatazama mbingu, akanyamaza, jambo ambalo Tibirinzi halijapata kutokea. Mwanabaraka akauliza kama aondoe mikono, akaambiwa aondoe. Bibi akaelea peke yake. Kisha kicheko kikampanda, maji yakamwingia puani, akapiga chafya, akaelea tena.

Alya alisogea mpaka maji ya magoti, akauliza kwa hofu kama sasa wanaondoka.

"Twende wapi? Ngoja zamu yako, mimi sijamaliza. Na akikuuliza, mjibu utakavyo wewe, si nitakavyo mimi."

Jumamosi iliyofuata walikuja watoto wote wanane na mabibi watatu. Mwanabaraka anaapa kuwa watoto ni rahisi zaidi. Ukimwomba ruhusa bibi wa Tibirinzi, anataka kwanza umwambie wewe ni mtoto wa nani.