Nimemwomba Masele radhi kwa kosa lisilo lenyewe

Leo nimemwomba mwanangu msamaha, kumbe nimekosea kosa la kuombea radhi.

Asubuhi Masele alinipeleka zahanati hapa Kagongwa kupima sukari. Nesi alikuwa akiwaambia wajawazito kwamba sukari ya mama ikipanda, inaweza kuathiri ukuaji wa ubongo wa mtoto tumboni. Mboga za majani na matunda vina virutubisho vya kuukinga, alisema, ila wataalamu bado wanachunguza, na dawa zisiachwe.

Nilikuwa na sukari nikiwa na mimba ya Masele.
Shule ilimshinda.

Tulipofika nyumbani nikamwambia: "Huenda ni damu yangu, baba. Nisamehe kabla sijaondoka duniani."

Alikuwa anachambua majani ya kunde. Hakuinua kichwa.

"Mayu, mama yangu, mambo ya sukari hukuyajua. Na fimbo?"

Nilikuwa mwalimu wake darasa la tatu. Kila alipokwama nilimchapa mbele ya wenzake, nikimwita mvivu.

Nimemwomba upya. Bado hajajibu.

Ninyi niliowafundisha darasa lile, mlimcheka kwa sababu mimi nilicheka kwanza.
Msimwandikie radhi hapa mtandaoni, hajui kusoma.
Mpigieni simu.