Mipira Ishirini ya Verna

Verna Hruska alipika miaka thelathini na mmoja katika jiko la shule moja mjini Erie, akastaafu, akamzika mumewe, na bado alikuwa mtu wa kucheka. Raha yake ilikuwa Jumamosi asubuhi, kwenye ukumbi wa kuangusha vigingi kwa mpira. Miaka kumi na miwili mpira wake haukuwahi kuangukia mfereji wa pembeni, na jamani, alijivuna hasa.

Siku zilizobaki alipokea simu za mfuko wa akina mama waliochangia wasio na uwezo, maana kadi ya bima ya serikali hailipii kutoa mimba, ila kwa mambo machache mno. Ndiyo sheria tangu Verna yu msichana: kodi ya watu isiende huko. Mwenye nacho hulipa, asiye nacho hupiga simu.

Ijumaa ile simu ilitoka kwa Tasha, mama wa watoto wawili, mfua mashuka hotelini. Miadi yake ya kliniki ilikuwa Jumatatu na alikuwa amepungukiwa dola mia. Akikosa siku hiyo bei inapanda, naye ataifukuzia bei hiyo hadi muda unaoruhusiwa umpite. Mfuko ulikuwa mkavu. Hata michango ya kesho yake, siku ya mchezo wa vigingi wa kila mwaka wa kuuchangia mfuko, ilishagawiwa wengine.

"Usifute miadi, mwanangu," Verna akamwambia, na hakujua atazitoa wapi hizo dola mia.

Kesho yake ukumbini alikuwapo Bernard, ndugu wa marehemu mumewe, na mdomo wake. Wengine walikwisha kulipa michango yao, vigingi vianguke visianguke. Bernard hakuafiki shughuli zile. "Kodi yangu isiguse mambo hayo," alikuwa akisema, huku anakula pierogi, vile vibunda vya unga vyenye viazi, alivyopika Verna mwenyewe. Lakini nafasi ya kumchokoza shemeji haikumpita. Akachukua karatasi ya ahadi, akaandika, akatia sahihi.

"Dola tano kwa kila mpira utakaoingia mferejini, shemeji. Mikono yako naijua. Leo sitoi hata senti."

Ukikosa vyote, mchezo mzima ni mipira ishirini. Ishirini mara tano. Verna aliisoma ile karatasi mara mbili.

Mpira wa kwanza, mferejini. Wa pili, mferejini. Watu wakacheka. Ulipofika wa nane wakaacha kucheka.

"Mkono unauma?" Bernard akauliza.

"Mkono mzima."

"Basi umezeeka."

"Nimezeeka, shemeji. Wewe hesabu tu."

Ilimuuma, tusidanganyane. Wale mabibi aliowashinda miaka yote walikuwa wakimtazama kwa huruma, na huruma hiyo hakuipenda hata kidogo. Mpira wa kumi na tisa ukataka kurudi katikati. Ukasita ukingoni, ukaanguka. Wa ishirini ukaufuata. Ubaoni, kando ya jina lake, ikaandikwa sifuri.

Bernard alikuwa ameweka kahawa chini.

"Umefanya makusudi."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya nani?"

"Hatutaji."

Verna akajiandaa kwa ugomvi. Bernard akatoa pochi na kuweka mezani noti tano za ishirini.

"Kodi yangu bado isiguse," akasema. "Hii si kodi. Huu ni ujinga wangu mwenyewe."

Verna akatoka nje kumpigia Tasha simu. Tasha akalia, kisha akauliza amwombee nani dua.

"Mwombee shemeji yangu Bernard," Verna akasema. "Lakini kimyakimya, asije akajua."