Nilimtumia rafiki yangu klipu za "uanaume", mchumba wake akaitaja simu yake kuwa mahari

Wakuu, poleni na majukumu. Nina kisa cha wiki hii hii, na kwa kuwa mwenye kosa ndani yake ni mimi, hamna haja ya kuniuliza kama nimekitunga. Anayetunga hujiweka pazuri.

Siku hiyo nilitoka Kilwa Masoko asubuhi bila mpango wowote.

Ndivyo nilivyo. Shule niliishia darasa la sita, na tangu hapo nikiamka na hamu ya kuona kilichoko mbele, nafunga kibegi naondoka. Nangurukuru nikapata lifti ya lori la saruji linaloshuka Lindi. Earphone masikioni, namsikiliza Kamanda.

Kamanda ni jina nililompa hapa, msihangaike kumtafuta. Ni jamaa wa mtandaoni, kanzu safi, gari kali nyuma yake, anawafundisha wanaume kuwa wanaume. Mwanamke hana rai. Mwanamke akisoma sana anaharibika. Kila baada ya maneno mawili anataja dini, basi sisi vijana wa Kiislamu tukaona huyu wetu.

Niseme ukweli kwa nini nilimpenda. Mimi sina cheti, sina nyumba, hata kuku sina. Halafu anatokea mtu anakwambia wewe ni mfalme, kisa umezaliwa mwanaume tu. Ufalme usio na usaili, nani ataukataa?

Nikashuka Kitomanga kumsalimia rafiki yangu Shaibu, mpuliza dawa ya mikorosho. Nikamkuta barazani, pampu iko mgongoni, injini hajaiwasha, anatazama chini.

"Mungu kakuleta," akasema. "Mshenga wangu kaumwa mgongo. Utakwenda wewe."

Shaibu alikuwa amepeleka posa kwa Mwanahawa, binti anayekaa nyuma ya msikiti, fundi cherehani na mwalimu wa darsa la akina mama. Majibu yamerudi. Posa imekubaliwa, na mahari kaitaja mwenyewe, kama dini inavyompa haki.

Hakutaja kitanda wala kabati. Kataja simu ya Shaibu. Hiyo hiyo yenye ufa pembeni, pamoja na kila kilichomo.

"Si umnunulie mpya?" nikamwambia.

"Hataki mpya."

"Kwani kuna nini humo?"

Shaibu akaniangalia tu. Nikakumbuka.

Wakuu, mwaka mzima nilikuwa namtumia Shaibu klipu za Kamanda. Yeye ananijibu kwa voice note. Kuna moja anasema, "Huyu ngoja nimuoe kwanza. Darsa lake atalisahau, na cherehani nitaiuza." Chini yake kuna yangu, nacheka: "Mkazie mwanangu, usilegee!"

"Futa," nikamwambia.

Akafuta vyote. Simu ikawa kama imetoka dukani. Nikanawa uso, nikaazima kofia, nikaenda.

Kwa akina Mwanahawa nilipokelewa na mjomba wake. Huku kusini mjomba ndiye mwenye neno.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mshenga gani una vumbi hivyo?"

"Nimetoka safari, mjomba."

"Basi jikung'ute, usituharibie mkeka." Nikakaa, nikaiweka simu mbele yake. Akasema, "Sisi hapa hatuna maneno mengi. Mwenyewe akiipokea, tunatafuta siku."

Mwanahawa akaja, mtandio kauvuta vizuri, akakaa karibu na mjomba wake. Simu hakuigusa.

"Shemeji, iwashe."

Nikaiwasha. Akainama, akatazama.

"Imefuliwa hii."

Mjomba alicheka mpaka kofia ikahama. Mimi nikacheka kidogo, kwa adabu.

"Shemeji," akasema Mwanahawa, "unadhani nimekosa simu ya kupigia? Ninayo. Shaibu niliyemjua mimi alikuwa akitoka kuswali anapita hapa, ananiuliza maana ya sura aliyosoma imamu. Sasa anakuja na maneno ya mtu wa kwenye gari, ananiambia ndiyo dini. Nikimuuliza aya iko wapi, anasema nabisha. Mtume alikuwa anashona viatu vyake, anawasaidia wakeze kazi za nyumbani. Huyo mtu wenu kamzidi Mtume?"

"Astaghfirullah, hapana."

"Nina mama mmoja kwenye darsa, mumewe kamkataza kuja kusoma Qur'ani. Qur'ani, shemeji! Na anayemkataza anasema anailinda dini. Wenzangu wanacheka, wanasema ni upepo utapita. Mimi naogopa. Nataka kujua naolewa na Shaibu au na yule wa kwenye gari. Na nataka kujua leo, maana nikishaingia ndani nimechelewa."

Jibu lake lilikuwa mfukoni mwangu, wakuu. Shaibu alifuta ya kwake, mimi yangu sikuifuta.

Ningeweza kunyamaza, ningekunywa chai, na ningerudi kushangiliwa. Lakini yule dada hakuwa na kiburi wala ujeuri kama Kamanda anavyowasema. Alikuwa ameogopa tu, na kauliza swali la haki.

Nikatoa simu yangu, nikabonyeza.

Ikasikika sauti ya Shaibu. Darsa, cherehani, vyote. Kisha kicheko changu, kirefu kuliko nilivyokikumbuka.

Mjomba akakunja uso. "Huyo anayecheka nani?"

"Ni mimi, mjomba."

"Ala."

Mwanahawa akawa anachokonoa ukindu wa mkeka. Nilidhani analia. Halii.

"Irudishe simu yake," akasema. "Mwambie akinitaka aje mwenyewe, aniambie kwa mdomo wake aliyoyasema huko. Asitume mtu. Na hasa asikutume wewe."

Shaibu aliposikia alikirusha kibegi changu barabarani. "Umeniuza! Mwanangu wa damu, umeniuza kweupe!"

Sikubishana. Lindi mjini nilikaa siku mbili nikizurura sokoni. Klipu mpya za Kamanda zikawa zinaingia, sizifungui. Siku ya tatu nikapanda bodaboda kwenda Sudi, kwa sababu tu sijawahi kufika.

Sudi nikaelekezwa kwa Bi Somoe, bibi mmoja anayepangisha vyumba. Akanikagua juu mpaka chini.

"Una mke?"

"Sina, bibi."

"Basi shuka ile pale, ya mgeni aliyeondoka. Beseni hilo, sabuni hiyo."

"Nifue mimi?"

"Kwani mikono imekatika?"

Nikachuchumaa uani, povu mpaka viwikoni. Simu ikaita, namba ngeni.

"Ni mimi, Shaibu."

"Hii namba ya nani?"

"Ya mjomba wake."

"Ikawaje?"

"Nilikwenda. Nimemwambia yote, na la cherehani, mjomba yupo hapo hapo. Jasho lilinitoka kuliko nikibeba pampu. Kaniuliza mpaka nikakoma. Kasema darsa na cherehani viandikwe kwenye ndoa, nikasema viandikwe."

"Na simu?"

"Niliiweka kwenye mkeka."

"Halafu?"

Akavuta pumzi. "Kaichukua."

Nikaichovya tena shuka kwenye beseni. Kisha akaniuliza, "Hiyo kelele ya maji ni ya nini?"

"Nafua shuka."

Alicheka, wakuu, mpaka Bi Somoe akachungulia dirishani.

Nilichojifunza ni hiki: yale maneno nilikuwa nayasikiliza kwenye earphone, ndiyo maana yalinipendeza. Siku yalipotoka kwa sauti mbele ya mwanamke anayehusika, sikuweza kuinua uso.

Wakaka, mchumba wako akiitaka simu yako kama ilivyo leo, utampa? Na nyie dada zetu, mumeo au kaka yako akiwa ameshazama kwa hawa akina Kamanda, mnaongea naye vipi akasikia?

Semeni, nipo nasoma. Shuka iko kwenye kamba, haijakauka, na bibi kasema ikikauka ndipo nipewe ufunguo.